Nailoni ya shambani inayooza: Jua huanza, vijidudu humaliza

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa nyanya, tikiti maji au stroberi anayetandaza nailoni nyeusi juu ya tuta hahitaji bwana shamba amweleze faida yake. Magugu yananyimwa mwanga, unyevu wa maji ya matone unakaa, tunda halilali kwenye udongo na gharama ya palizi inashuka. Matatizo yake huanza siku ya mwisho ya mavuno.

Siku hiyo ndipo anapogundua kwamba nailoni aliyoitandaza kwa nusu siku inahitaji siku kadhaa kuing'oa. Kingo zake zimefukiwa na udongo umeshikana. Akivuta, inachanika. Vipande vinabaki ardhini, jembe la trekta linavichanganya na udongo, na msimu unaofuata mizizi ya miche inakutana navyo. Kilichong'olewa nacho hakina pa kwenda. Kimejaa tope, hivyo wanunuzi wa plastiki chakavu hawakitaki. Wengi hukichoma pembeni mwa shamba, moshi ukaenda kwa majirani. Wengine hukiacha hadi upepo ukipeleke malishoni, ambako ng'ombe na mbuzi hukila.

Ndiyo maana tangazo la nailoni "inayooza yenyewe" linamvutia kila mkulima. Nani asiyetaka matandazo yanayokaa imara miezi mitatu au minne, kisha yakatoweka bila kulipa kibarua? Habari njema ni kwamba nailoni za namna hiyo zipo na zinatengenezwa. Habari nyingine, ambayo muuzaji huwa haitaji, ni kwamba chini ya jina hilo moja kuna bidhaa mbili zilizo mbali kama usiku na mchana. Anayenunua isiyo sahihi atakuwa amelipa ghali ili plastiki ibaki shambani mwake ikiwa vipande vidogo zaidi.

Kwa nini nailoni ya kawaida haiozi

Nailoni nyingi za mashambani zimetengenezwa kwa polithini, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1933 na wakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson katika maabara za kampuni ya ICI, Winnington, nchini Uingereza. Matumizi yake katika kilimo yalishika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko Marekani, Profesa Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky alifunika banda la mimea kwa plastiki mwaka 1948 kwa sababu kioo kilikuwa ghali. Katika miaka ya 1950 wakulima walianza kuitandaza pia juu ya matuta.

Polithini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Bakteria na kuvu walioko kwenye udongo hula kwa kutoa vimeng'enyo vinavyokata chakula nje ya mwili wao, kisha hufyonza vipande. Jani lililoanguka lina mahali pengi ambapo vimeng'enyo vinaweza kushika na kukata. Mnyororo wa polithini hauna mahali pa namna hiyo, tena ni mrefu mno na hausharabu maji. Kwa kijidudu, ni sawa na mtu aliyepewa gogo zima la mvule na kuambiwa alitafune.

Kwa hiyo, anayetaka nailoni ipotee ana njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kutumia polithini lakini kuitia kitu kitakachoufanya mnyororo wake ukatike ukipigwa na jua, kwa matumaini kwamba vijidudu vitamalizia. Ya pili ni kuachana na polithini na kutumia plastiki ambayo mnyororo wake una mahali pa kukatwa tangu mwanzo.

Njia ya kwanza: Jua kama shoka

Jua hutoa miale ya urujuanimno, ile ile inayopausha rangi ya kanga na kufanya ndoo ya plastiki iliyoachwa nje iwe dhaifu na kupasuka. Miale hiyo ikigonga sehemu za mnyororo zenye oksijeni, mnyororo hukatika. Kila unapokatika, oksijeni ya hewani hupata mahali papya pa kushika, na kazi huongezeka kasi.

Profesa James Guillet wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alitumia kanuni hiyo kwa kupachika makundi yenye oksijeni ndani ya mnyororo wenyewe, ili jua lipate pa kukata. Ndugu wa karibu wa ufundi huo ni polithini iliyochanganywa na kiasi kidogo cha kaboni monoksidi, iliyotumika Marekani kwenye pete za kushikia makopo sita ya vinywaji. Pete hizo zilikuwa zikinasa ndege na wanyama wa majini, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1988 ikataka ziwe za kuvunjika.

Kwa upande wa kilimo, jina kubwa ni la Profesa Gerald Scott wa Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham. Akishirikiana na Dan Gilead wa Israel, Scott alitengeneza nailoni ya matandazo yenye misombo ya madini kama chuma na nikeli. Ubunifu wake ulikuwa katika kupanga muda. Msombo huo, ukiwa mzima, huilinda plastiki isizeeke, hata ndani ya mashine yenye moto. Jua linapoumaliza taratibu, madini yanayobaki hugeuka na kuanza kuiharibu plastiki ile ile iliyokuwa ikilindwa. Kwa kubadili viwango vya misombo hiyo, kiwanda kinaweza kutengeneza nailoni ya msimu mfupi au mrefu. Wakulima wa Israel walianza kuitumia katika miaka ya 1970.

Baadaye viwanda vingi vilifuata njia iliyo rahisi zaidi. Hununua punje maalumu zenye chumvi za kobalti, manganizi au chuma, wakazichanganya kwa asilimia chache na polithini ya kawaida. Ndizo nailoni na mifuko iliyouzwa duniani kote ikiwa na maandishi ya kijani na picha ya jani.

Kuvunjika si kuoza

Hapa ndipo mkulima anapotakiwa kuwa makini. Jua linaweza kuivunja nailoni hadi isionekane kwa macho, na bado polithini ikawepo shambani. Imeacha kuwa karatasi, imekuwa unga. Ili vijidudu viile, minyororo lazima ikatike hadi kuwa mifupi sana, na hiyo inahitaji jua, joto na oksijeni kwa muda wa kutosha. Kipande kikishafunikwa na udongo kabla ya hapo, jua limekwisha na kasi inashuka mno.

Na shambani kuna sehemu ya nailoni ambayo hailioni jua kabisa, nayo ni zile kingo mbili zilizofukiwa ili upepo usiinue tuta. Sehemu ya juu hupasuka na kupeperuka, kingo zikabaki chini zikiwa nzima kama siku ziliponunuliwa. Hali ni hiyo hiyo pale majani ya tikiti yanapolifunika tuta lote. Kwa upande mwingine, jua letu la karibu na ikweta ni kali mwaka mzima. Nailoni iliyopimwa kwa jua la Ulaya inaweza kupasuka huku kabla mazao hayajakomaa, magugu yakapata mlango katikati ya msimu.

Umoja wa Ulaya ulifunga mjadala huu kwa upande wake. Katika Agizo namba 904 la mwaka 2019 ulipiga marufuku bidhaa za plastiki za kawaida zilizotiwa viungo vya kuzivunja kwa oksijeni, na marufuku hiyo ilianza kutumika Julai 3, 2021. Sababu iliyotolewa ni kwamba plastiki hizo haziozi ipasavyo, huongeza chembechembe katika mazingira, haziwezi kuwa mboji na huharibu urejelezaji wa plastiki nyingine. Watengenezaji wa viungo hivyo wameendelea kupinga, wakisema bidhaa zao huoza muda ukitosha. Lakini mkulima anayelima shamba hilo hilo kila msimu hana sababu ya kusubiri mwisho wa ubishi huo.

Anayetaka kujua vipande vikirundikana kinatokea nini aiangalie China. Nchi hiyo ilichukua ufundi wa matandazo ya plastiki kutoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, ikavuna pamba, mahindi na karanga nyingi zaidi, na sasa hutumia zaidi ya tani milioni moja za nailoni hiyo kwa mwaka. Wakulima walipendelea nailoni nyembamba kwa sababu ni nafuu, lakini nyembamba haing'oleki. Katika mashamba ya pamba ya Xinjiang mabaki yamefikia kupimwa kwa makumi na hata mamia ya kilo kwa hekta, yakizuia maji na mizizi. Kiwango kipya kilichoanza kutumika mwaka 2018 kiliongeza unene wa chini kabisa kutoka maikroni 8 hadi 10, ili walau iweze kukusanywa.

Njia ya pili: Chakula cha vijidudu

Njia hii nayo ilianza kwa majaribio ya nusu nusu. Katika miaka ya 1970 Gerald Griffin wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, alichanganya wanga na polithini. Vijidudu vilikula wanga, polithini ikabaki na matundu. Somo lililopatikana ni kwamba plastiki yote, si sehemu yake, lazima iwe chakula.

Leo nailoni za shambani zinazooza kweli hutengenezwa zaidi kwa aina fulani za poliesta zenye viungo ambavyo maji na vimeng'enyo vya kuvu na bakteria huweza kuvikata. Maarufu zaidi ni ile inayoitwa PBAT, ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani iliingiza sokoni mwaka 1998 kwa jina la Ecoflex. Novamont ya Italia huchanganya poliesta na wanga wa mahindi katika bidhaa zake za Mater-Bi. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi, wakiwemo wa chuo cha ETH Zurich, walitengeneza PBAT yenye kaboni ya alama maalumu wakaifuatilia kwenye udongo. Waliikuta kaboni hiyo katika hewa ukaa iliyotolewa na udongo na ndani ya miili ya vijidudu vyenyewe. Huo ni ushahidi kwamba ililiwa, haikusagika tu.

Tusichanganye mambo mawili hapa. Plastiki iliyotokana na mimea si lazima ioze. Brazil hutengeneza polithini kutokana na miwa, na ikishakuwa polithini haiozi kama ile ya mafuta. PBAT kwa sehemu kubwa hutokana na mafuta ya petroli, nayo inaoza. Aidha, PLA, plastiki ya wanga wa mahindi inayotumika kwenye vikombe, huhitaji joto la mboji ya kiwandani la karibu nyuzi 60, kwa hiyo ikiwa peke yake hukaa sana kwenye udongo wa kawaida. Kinachoamua ni jinsi mnyororo ulivyojengwa, si mahali ulikotoka.

Kiwandani kunafanyika nini

Kwa wenye viwanda, jambo la kutia moyo ni kwamba mashine zinazohitajika ni za ukoo ule ule wa mashine zilizotengeneza mifuko laini kabla ya marufuku. Punje huingizwa kwenye pipa refu lenye skrubu inayozunguka na joto, zikayeyuka na kusukumwa kupitia tundu lenye umbo la pete. Hewa hupulizwa katikati, plastiki inafura kama puto refu linalopanda juu, linapozwa kwa hewa, linabanwa na roli mbili na kukunjwa kuwa robota.

Tofauti iko kwenye nidhamu. Mchanganyiko wa PBAT na wanga kwa kawaida hufanyiwa kazi kati ya nyuzi joto 130 na 170. Ukizidisha moto, wanga unaungua na nailoni inatoka na madoa ya kahawia. Unyevu nao ni adui, kwani ndani ya moto maji hukata minyororo ya poliesta kabla nailoni haijazaliwa. Kwa hiyo punje hukaa kwenye mifuko iliyofungwa vizuri na hukaushwa kabla ya kutumika. Mashine iliyokuwa ikitumia polithini lazima isafishwe, la sivyo robota la kwanza litakuwa na mabaki yasiyooza.

Kwa matandazo huongezwa masizi maalumu ya kaboni. Haya huzuia mwanga usifikie magugu na pia huikinga nailoni na jua. Hapo jua na vijidudu hugawana kazi. Masizi yakiwa machache, jua linaidhoofisha mapema. Yakitosha, inakaa hadi mavuno, kisha jembe linaifukia na vijidudu vinaanza karamu. Kwa kuwa poliesta yenyewe inalika, hata zile kingo zilizofukiwa zinaoza, tena huanza mapema kwa sababu ziko kwenye unyevu.

Wanga hutoka pia kwenye muhogo, zao tunalolijua vizuri. Lakini wanga wa kiwandani si unga wa ugali. Lazima uwe safi na mkavu, kisha ulainishwe kwa gliserini na joto kabla ya kuchanganywa na poliesta. Bila kiwanda cha wanga chenye ubora usioyumba, muhogo wetu utabaki nje ya mnyororo huo wa biashara.

Hesabu ya ekari moja

Wahenga walisema akiba haiozi. Tuone kama nailoni inayooza inaacha akiba yoyote.

Chukua ekari moja yenye matuta yaliyoachana mita 1.5 kutoka katikati ya tuta hadi katikati ya jingine. Utapata karibu mita 2,700 za tuta. Kwa nailoni ya upana wa mita 1.2, hiyo ni kama mita za mraba 3,240. Polithini ya maikroni 25 kwa eneo hilo itakuwa na uzito wa kilo 74 hivi. Nailoni inayooza huwa nyembamba zaidi, kwa kawaida karibu maikroni 15, lakini maligafi yake ni nzito kuliko polithini, hivyo utahitaji kilo 62 hivi.

Maana yake ni kwamba mkulima asilinganishe bei kwa kilo. Alinganishe kwa mita. Katika masoko ya nje nailoni inayooza huuzwa kwa mara mbili hadi tatu ya bei ya polithini kwa eneo lile lile. Upande wa pili wa daftari uandikwe gharama za kung'oa, kusafirisha na kutupa polithini, siku ambazo shamba linasimama likisubiri kusafishwa, na hasara ya udongo uliojaa vipande. Nchi ambazo vibarua ni ghali, hesabu hiyo inakaribia kulingana. Kwetu, ambako kibarua ni nafuu, nailoni nene inayong'oleka vizuri na kutumika hata misimu miwili bado inaweza kushinda. Anayelima ekari nyingi za mboga za kuuza nje, na kupanda mara tu baada ya kuvuna, ndiye mteja wa kwanza wa nailoni inayooza.

Mwenye kilimo hai afuatilie masharti ya soko lake. Marekani iliruhusu nailoni inayooza katika kilimo hicho mwaka 2014, lakini kwa sharti kwamba maligafi zote zitokane na viumbe hai, na soko halikuwa na bidhaa iliyotimiza sharti hilo.

Sheria na maandishi

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya kuanzia Agosti 28, 2017 na Tanzania Bara kuanzia Juni 1, 2019. Marufuku hizo zililenga hasa mifuko ya kubebea bidhaa, na kanuni za Tanzania za 2019 ziliacha nje vifungashio vya plastiki vya sekta kadhaa, ikiwemo kilimo. Kwa hiyo neno "inaoza" kwenye robota la matandazo ni dai la biashara, na dai hutakiwa ushahidi.

Ushahidi wa kuomba ni kiwango cha Ulaya EN 17033 cha mwaka 2018, kilichoandikwa mahsusi kwa matandazo. Kinataka angalau asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ukaa ndani ya miaka miwili katika udongo wenye nyuzi joto 20 hadi 28, na mabaki yasidhuru mimea wala minyoo ya udongo. Kuna kiwango kingine, EN 13432, ambacho ni cha vifungashio katika mboji ya kiwandani yenye joto kali. Muuzaji akikuonyesha hicho pekee, hajajibu swali la shamba lako. Akisema tu kwamba bidhaa "inavunjika kwa jua na oksijeni", umeshajua ni ya njia ya kwanza.

Jipimie mwenyewe

Kabla ya kuweka fedha nyingi, mkulima anaweza kufanya jaribio dogo. Nunua robota moja na utandaze tuta moja au mawili, pembeni ukiacha tuta la nailoni ya kawaida kwa kulinganisha. Andika tarehe ya kutandaza, tarehe tundu la kwanza linapotokea na kiasi cha magugu.

Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, viweke kwenye vifuko vya chandarua na uvifukie kina cha sentimeta 15 hivi, vingine shambani na vingine karibu na mboji. Fukua kifuko kimoja kila mwezi. Nailoni inayoliwa hulegea, hutoboka na kupungua mwezi hadi mwezi, hasa udongo ukiwa na unyevu na samadi. Isiyoliwa hutoka ikiwa vile vile. Kumbuka kwamba kiangazi vijidudu hupumzika, hivyo shamba kavu litachelewa.

Robota litunzwe kivulini, mahali pakavu, na litumike mapema, kwani nailoni hii huzeeka hata stoo. Usiitandaze wiki nyingi kabla ya kupanda. Mipira ya matone haiozi, hivyo itolewe kabla ya kulima. Utaratibu huo huo ufuatwe na wenye vitalu vya miche wanaouziwa viriba "vinavyooza": viriba vichache vifukiwe kwanza, kabla ya maelfu ya miche ya kahawa au miti kupandwa navyo.

Mamlaka za viwango nazo zina kazi. Neno "inaoza" likiachwa liandikwe na yeyote, kiwanda kinachotumia maligafi ya kweli kitashindwa bei na kinachoongeza chumvi kidogo kwenye polithini, na mkulima atalipa mara mbili: dukani leo, na shambani kila msimu utakaofuata.